Kibo ilinirudisha, sasa naalikwa Nepal

Shikamoo Mzee wa Njia,

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 38, mhasibu, naishi Majengo hapa Moshi. Septemba iliyopita tulipanda Kilimanjaro watu kumi na mmoja wa ofisini kwa njia ya Marangu, siku tano kwenda na kurudi. Tulilala Mandara, kesho yake Horombo, siku ya tatu tukafika Kibo saa tisa alasiri, na saa sita usiku tukaanza kupanda. Kichwa kilianza kuniuma jioni ile ya Horombo. Kibo chakula hakikupita. Juu kidogo ya Pango la Hans Meyer nikatapika mara tatu, miguu ikaanza kwenda upande kama ya mlevi, mwongozaji akanigeuza. Wenzangu watano walifika Uhuru. Mmoja wao anamaliza pakiti ya sigara kwa siku, na mimi ndiye ninayekimbia kilomita nane kila Jumamosi.

Kushuka nako kulikuwa na lake. Kucha za vidole gumba vya miguu ziligeuka nyeusi, moja ikang'oka Novemba.

Sasa wifi yangu anayefanya kazi Doha ananiita twende Nepal Oktoba hii, hadi kambi ya chini ya Everest. Amenitumia ratiba ya siku 14, kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi kurudi KIA. Siku ya tatu tunaruka Lukla na kulala Phakding, kisha Namche, Tengboche, Dingboche, Lobuche, Gorak Shep, kila mahali usiku mmoja mmoja, halafu tunarudi mbiombio. Bosi amekubali siku hizo 14 na akiba ipo.

Naomba unisaidie haya. Je, mimi ni mtu ambaye mlima umemkataa? Ofisini wanasema sisi tuliozaliwa chini ya Kilimanjaro tuna damu ya mlima, kwa hiyo nikishindwa wa nyumbani, wa ugenini ndiyo basi. Je, ratiba hii inafaa? Pale soko la Memorial nimeona buti za ngozi za mtumba, soli haijalika hata kidogo, muuzaji anataka elfu 45: ninunue? Na dawa ya Diamox, ni ya kumeza au ni ya kuogopa? Mwingine ananiambia nitafune kitunguu saumu.

Baba Neema yeye anacheka. Anasema mlima uko dirishani bure, kwa nini nikalipe kuangalia wa wengine.

Mama Neema, Moshi

*

Marahaba, Mama Neema.

Wewe ni mhasibu, basi tuanze na daftari. Chora safu moja tu, uandike mita ulizolala. Si ulizofika mchana, ulizolala. Majengo iko chini ya mita 1,000. Usiku wa kwanza Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na huo haukuwa hata usiku, ni saa chache za kujigeuza kitandani. Kisha ukatakiwa kuongeza mita 1,175 nyingine kabla jua halijachomoza, hadi 5,895. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali palepale usiku wa pili. Kutoka Horombo kwenda Kibo peke yake ulizidisha mara mbili. Daftari lako lilikuwa na upungufu tangu ukurasa wa kwanza, na mbio za Jumamosi haziwezi kuuziba.

Haziwezi kwa sababu mapafu yenye nguvu si kitu kile kile na damu iliyozoea. Hewa ya Uhuru ina oksijeni asilimia 21 kama ya Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo unaoisukuma iingie kwenye damu, na pale kileleni umebaki karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unajibu kwa kuhema haraka zaidi, hata usingizini. Kuhema huko kunatoa hewa chafu nyingi kupita kawaida, damu inaegemea upande wa magadi, na ubongo unapoona hivyo unapunguza kuhema. Figo ndizo zinazotakiwa kuyamwaga hayo magadi kwa njia ya mkojo, na kazi hiyo ni ya siku, si ya saa. Mtu mwenye mazoezi mengi anaweza kuugua hata kumzidi mvivu kwa sababu moja tu: miguu yake inamfikisha mapema kuliko figo zake.

Na yule mvuta sigara wenu? Watu hutofautiana kwa maumbile namna miili yao inavyoitikia ukosefu wa oksijeni, na huwezi kujua wa kwako kwa kupima mbio, mapigo ya moyo wala unene. Sigara haikumsaidia. Alibahatika kuwa na mwili unaoitikia upesi.

Damu ya mlima ni hadithi nzuri ya kunywea mbege. Vijiji vya Wachaga viko chini ya mita 2,000, mahali ambapo mwili hauhitaji kubadilika sana. Wenye damu hiyo kweli ni Washerpa na Watibeti, ambao vizazi vyao vimeishi kwa maelfu ya miaka kwenye mita 3,500 na zaidi hadi miili ikarithi namna nyingine ya kutumia oksijeni. Mtu wa Moshi anayelala Moshi akifika Horombo ni sawa na mgeni aliyeshuka jana KIA kutoka Uholanzi. Wagumu wetu, yaani wapagazi, wanaonekana kama chuma kwa sababu wanapanda na kushuka kila wiki, na hata wao wanaugua.

Kwa hiyo mlima haukukukataa. Ila kuna jambo moja usilichukulie juujuu. Maumivu ya kichwa na kutapika ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, lakini kuyumba si uchovu. Ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Kipimo chake hakihitaji chombo: mtu atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama anasema yuko sawa. Mwenzake wa ubongo ni ugonjwa wa mapafu: kukosa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye majimaji, midomo kuwa ya bluu. Huyo naye anashushwa, mita 1,000 ikiwezekana, na asitembee mwenyewe kama anaweza kubebwa. Mwongozaji wako alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa nyuma zaidi, jioni ile ya Horombo, na ni la ratiba: mwenye kichwa kinachouma hapandi kulala juu zaidi mpaka kipone, na ratiba ya siku tano haina siku ya kusubiria. Ile ya siku sita ina usiku wa pili Horombo, mchana wake unapanda hadi kwenye miamba ya pundamilia karibu na mita 4,000 na kurudi. Siku hiyo moja ndiyo watu wengi wanaikata ili kuokoa ada ya hifadhi.

Mtu aliyewahi kuugua ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena akipanda kwa kasi ile ile. Sasa tuitazame ratiba ya wifi yako kwa macho hayo. Lukla ni mita 2,860, Phakding mnashuka hadi 2,610, Namche 3,440, Tengboche 3,860, Dingboche 4,410, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Kutoka Gorak Shep ndipo mnatembea hadi kambi yenyewe, 5,364, na kurudi kulala. Tofauti na Kibo, hakuna usiku wa kuruka mita elfu na zaidi gizani, na hilo ni zuri. Ubaya ni kwamba hapa mnalala juu zaidi ya Kibo, na ratiba yenu inapanda usiku baada ya usiku bila kupumzika popote. Tengboche kwenda Dingboche ni mita 550, Dingboche kwenda Lobuche 530. Kila hatua peke yake inavumilika, zikifuatana ndipo zinamaliza mtu.

Ongeza usiku wa pili Namche na usiku wa pili Dingboche. Siku hizo si za kulala kitandani. Namche mnapanda hadi kama mita 3,880 ilipo hoteli maarufu ya kutazama Everest, mnakunywa chai, mnashuka. Dingboche mnapanda kilima kilicho nyuma ya kijiji hadi karibu 5,000, mnakaa nusu saa, mnashuka kula. Hizo ni siku mbili. Kisha weka siku mbili nyingine tupu mwishoni kwa ajili ya Lukla. Ule uwanja una njia ya kurukia ya mita 527 tu, imeinama kama paa la nyumba, na ndege ndogo zinaruka asubuhi kabla mawingu hayajafunga bonde. Mawingu yakifunga hakuna ndege, leo wala pengine kesho. Msimu wa watu wengi, yaani Oktoba, ndege nyingi za Lukla haziondokei Kathmandu bali Manthali, saa nne hadi tano kwa gari, kwa hiyo jiandaeni kuamshwa saa nane za usiku. Mizigo ni kilo 15 kwa jumla, begi la mkononi likiwemo. Pima nyumbani kwa mizani ya duka.

Jumla inakuja siku 18. Likizo ya mwaka kwa sheria yetu ni siku 28, basi rudi kwa bosi mapema, kabla ya tiketi, ukaombe 18 za mfululizo. Akikataa, usikubali kuzipata hizo nne kwa kukata usiku wa Namche na Dingboche. Badilisha safari. Nitalirudia hilo.

Diamox haifichi ugonjwa kama wengi wanavyoogopa. Inaharakisha ile kazi ya figo ya kumwaga magadi, basi. Kipimo cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, na kwa kuwa vidonge vingi ni vya 250, ni nusu kidonge mara mbili. Inaanzwa siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, ncha za vidole na midomo zitawasha kama umekalia mkono, na soda itakuwa na ladha ya chuma. Hayo ni ya kawaida. Kwa historia yako una sababu ya kuizungumza na daktari, na kuna mambo mawili ya kumwambia bila kuulizwa: kama Septrin au dawa za malaria za jamii ya salfa ziliwahi kukutoa vipele, na kama una shida yoyote ya figo. Ijaribu nyumbani siku mbili ili usije ukakutana na madhara yake Namche. Siku hiyo hiyo mwombe akupime wingi wa damu. Mwanamke mwenye hedhi nzito na damu pungufu anapanda huku amefungwa jiwe, na upungufu huo hutibiwa kwa miezi miwili mitatu, si kwa wiki.

Kitunguu saumu ni kiungo. Supu yake Nepal ni tamu na inakuongezea maji mwilini, kunywa. Dawa za usingizi na pombe acha hadi utakaporudi Kathmandu, vyote vinapunguza kuhema usiku.

Sasa buti za Memorial. Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, maana soli isiyolika ndiyo inayonitia wasiwasi.

Buti la mlimani lina soli mbili. Ya chini ni mpira mgumu wenye meno, ndiyo unayoiona. Juu yake, kati ya mpira na ngozi, kuna tabaka la povu linalomeza mshtuko, na kwa buti nyingi za Ulaya povu hilo ni la poliyurethani. Unyevu wa hewa unalila polepole kutoka ndani, buti livaliwe au lisivaliwe. Kwa kweli lisipovaliwa huwa vibaya zaidi, kwa sababu kutembea kunalikamua unyevu. Buti lililokaa kabatini Ujerumani miaka kumi, likaja kwenye kontena, likaning'inia Memorial, linaweza kuwa na ngozi inayong'aa na meno mapya, na siku ya tatu njiani soli nzima ikabanduka kama ganda la ndizi. Si gundi iliyoachia, fundi hawezi kuirudisha. Povu lenyewe limegeuka unga.

Fanya hivi pale pale sokoni. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa povu, pembeni mwa kisigino. Povu zima linarudi lenyewe kama embe bichi. Lililokufa linabaki na alama, linanata, au linatoa punje. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kunja buti kwa nguvu zako zote mara kumi, uangalie mahali linapokunjika: nyufa ndogo zinazofanana na za udongo uliokauka ni kwaheri. Vuta mdomo wa soli mbele na nyuma kwa kucha. Muuzaji akikukataza kulikunja, ameshakujibu. Likipita vipimo vyote hivyo, elfu 45 ni bei njema, ila livae kilomita hamsini za hapa nyumbani kabla hujalipandisha ndege. Na hata hivyo beba mita tatu za utepe mpana wa gundi umeuzungushia kwenye fimbo ya kutembelea.

Kipimo cha ukubwa kinafanywa jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi nene utakazovaa. Kabla ya kufunga kamba sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole chako cha shahada kipite nyuma ya kisigino bila kubanwa. Pungufu ya hapo, kucha zitaiva tena. Maana zile kucha zako hazikuuawa na mlima, ziliuawa na kamba. Unaposhuka kutoka Kibo hadi lango la Marangu, mguu unateleza ndani ya buti na kidole kinagonga mbele maelfu ya mara. Funga hivi: kaza kamba kawaida hadi pale mguu unapokunjika kuingia kwenye muundi. Hapo zungusha kamba zenyewe kwa zenyewe mara mbili, kama unaanza fundo lakini hulimalizi, vuta hadi zijikabe. Kisha ndipo uendelee na ndoano za juu, ukiziacha zilegee kidogo ili muundi upumue. Fundo lile la katikati linashikilia kisigino nyuma. Kabla ya kila mteremko mrefu simama, gonga kisigino chini mara mbili, rudia kulikaza. Kata kucha siku tatu kabla, si asubuhi ya safari, na zikate kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembe.

Mfuko wa kulalia usinunue, kodi. Lebo yake huwa na namba mbili au tatu za joto. Soma ile ya starehe, ambayo ndiyo kubwa. Namba ya chini kabisa ni ya mtu asife, si ya kulala. Gorak Shep usiku wa Oktoba maji ya chupa yanaganda chumbani, na vyumba havina moto: jiko lipo kwenye ukumbi wa kulia tu, linachoma mavi makavu ya yaki, wale ng'ombe wa manyoya wa huko. Mfuko wenye starehe ya nyuzi 10 chini ya sifuri unatosha ukiongeza blanketi la nyumba ya wageni. Betri na simu zilale nawe ndani ya mfuko, baridi inazimaliza.

Huko njiani utakula wali na dengu, chakula chenyewe wanakiita dal bhat, na wataongezea mpaka useme basi. Mtu wa Moshi hatateseka. Nyama iache ukishapita Namche, kwa sababu kule juu hawachinji, inabebwa mgongoni kutoka chini kwa siku kadhaa. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, ziwe za maji yaliyochemshwa au yenye kidonge. Badilisha rupia za kutosha Kathmandu, maana kuchaji simu na maji ya moto ya kuoga vinalipiwa taslimu na bei inapanda kadiri unavyopanda. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, hewa kavu na vumbi huleta kikohozi kinachotoa watu machozi. Na yaki wakija, simama upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Mzigo wake ni mpana kuliko njia, na hakuangalii. Kwenye madaraja ya kuning'inia subiri wavuke wote.

Kabla ya kulipa chochote soma bima mstari kwa mstari. Nyingi zinakoma kwenye mita 3,000 au 4,000. Unataka inayoandika mita 6,000 na helikopta ya uokoaji. Masharti ya viza uyahakikishe kwa ubalozi, na cheti cha homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti.

Bosi akigoma na siku zake 14, Mlima Kenya unakutosha hadi chenji. Basi hadi Nairobi kupitia Namanga, kisha Nanyuki. Panda kwa njia ya Sirimon: lango 2,650, Old Moses 3,300, lala hapo usiku mbili, Shipton 4,200, usiku mbili tena, halafu Point Lenana, 4,985, alfajiri. Mruko wa mwisho ni mita 785 badala ya zile 1,175 za Kibo. Shuka kwa Chogoria uone Ziwa Michaelson chini ya majabali, na kwa maoni yangu bonde lile linaishinda njia ya Marangu kwa uzuri, watu wa Marangu wanisamehe. Batian na Nelion, vile vilele viwili vya juu zaidi, ni vya wapanda kamba, usiviwazie.

Ukitaka mbali bila shida ya hewa, mzunguko wa Mont Blanc una kilomita kama 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi kwa siku kumi au kumi na moja, na sehemu kubwa iko chini ya mita 2,500. Kichwa hakitauma. Magoti ndiyo yatalalamika, kwa sababu unapanda na kushuka jumla ya mita 10,000, na vitanda vya vibanda vinawekwa miezi mingi kabla. Njia ya Inka kule Peru ni ya siku nne, inafungwa kila Februari, na vibali ni vya watu 500 kwa siku, wagumu wakiwemo. Ukienda huko lala kwanza Cusco usiku tatu, uko mita 3,400 na njia inapita 4,215.

Mazoezi. Punguza kukimbia, ongeza kushuka. Misuli ya paja inayofunga breki haijengwi na tambarare. Mara mbili kwa wiki tafuta ngazi, simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, ushushe mwingine polepole ukihesabu hadi tatu, kumi na mbili kila upande, mara tatu. Jumamosi moja kwa mwezi nenda maporomoko ya Materuni kule Uru na dumu la lita tano mgongoni, na usilimwage juu kama wengi wanavyofanya. Faida yote iko kwenye kulishusha. Fimbo mbili zisaidie: kiwiko kikunjike pembe mraba kwenye tambarare, na unaposhuka zirefushe sentimita tano hadi kumi.

Masika ikiisha, Julai au Agosti, panda Meru kwa siku nne. Miriakamba 2,514, Saddle 3,570, mchana huo huo Meru Ndogo na kurudi, kisha kilele, 4,562. Askari mwenye bunduki anatangulia kwa ajili ya nyati, kwa hiyo hamtaweza kukimbia hata mkitaka. Usidhani mazoea ya hewa ya Julai yatakufaa Oktoba, yanayeyuka ndani ya wiki chache. Meru ni ya kupima buti, fundo la kamba, mfuko wa kulalia na nusu kidonge, mahali ambapo kikiharibika kitu uko Arusha jioni.

Na Baba Neema umpeleke Mandara, safari ya siku moja. Kutoka lango la Marangu ni kama mita 850 za kupanda, saa tatu hadi nne, na mkifika ongezeni dakika kumi na tano hadi Kreta ya Maundi, pale Kibo na Mawenzi vinaonekana vyote viwili bila dirisha. Atavaa buti zake za jeshi la mgambo, najua. Mbonyezee kisigino kwa ukucha kabla hamjatoka nyumbani.